Wanawake na utafiti wa kinga ya VVU: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Likitangazwa jaribio la dawa ya kuwakinga wanawake na VVU, maneno hutangulia dawa. Mengine ni hofu ya zamani ya mumiani, safari hii amevaa koti jeupe. Mengine yana mzizi wa kweli kabisa, na hayo ndiyo ya kusikilizwa kwa makini. Nayaandika haya kwa sababu anayebaki mikono mitupu maneno yanaposhinda ni binti. Kwa takwimu za UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, za mwaka 2022, kila wiki wasichana na wanawake wapatao 3,100 wenye umri wa miaka 15 hadi 24 walikuwa wakiambukizwa VVU katika Afrika kusini mwa Sahara.

“Waafrika tunafanywa panya wa majaribio”

Hofu hii haikuzuka hewani. Mwaka 2004 nchini Kambodia na mwaka 2005 nchini Kamerun, majaribio ya dawa ya tenofovir kama kinga yalisimamishwa baada ya wanaharakati kupaza sauti. Walitaka kujua mwanamke akiambukizwa katikati ya utafiti atatibiwa na nani, kwa muda gani. Kamerun walilalamika pia kwamba washiriki wanaozungumza Kifaransa walipewa maelezo kwa Kiingereza. Wapo watafiti waliowaona kama wapinga sayansi. Mimi naona walikuwa wanauliza maswali ambayo yalipaswa kujibiwa kabla mshiriki wa kwanza hajatia saini.

Kelele zile zilizaa matunda. Mwaka 2007 UNAIDS na AVAC, shirika la kutetea kinga ya VVU, walitoa mwongozo wa kushirikisha jamii katika majaribio ya kinga ya VVU, ukaboreshwa mwaka 2011. Leo vituo vya utafiti huu vina Bodi ya Ushauri ya Jamii: akina mama, vijana, viongozi wa dini, watu wanaoishi na VVU, ambao husoma fomu ya ridhaa na kusema hapa hapaeleweki, andikeni upya. Tanzania Bara utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na majaribio ya dawa hupita pia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kenya ipo Bodi ya Dawa na Sumu pamoja na kamati za maadili. Mshiriki anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Na wanaoongoza tafiti kubwa za kinga kwa wanawake ni wanasayansi wa bara hili, kama Quarraisha Abdool Karim, Sinead Delany-Moretlwe na Linda-Gail Bekker wa Afrika Kusini.

“Ukijiunga wanakupandikiza virusi”

Hapana. Hakuna jaribio la kinga linalompa mtu VVU ili kuona kama dawa inafanya kazi. Washiriki hupewa kondomu, ushauri nasaha, upimaji na matibabu ya magonjwa ya ngono, na anayeambukizwa ameambukizwa katika maisha yake ya kila siku, kama majirani zake wasio kwenye utafiti.

Lakini anayesema utafiti hauna hatari yoyote naye anapotosha. Jeli ya nonoxynol-9 ilikuwa ikitumika miaka mingi kuua mbegu za kiume, na wengi walitumaini ingezuia VVU. Ilijaribiwa kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono huko Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand. Mwaka 2000, kwenye mkutano wa UKIMWI uliofanyika Durban, ilitangazwa kwamba walioitumia waliambukizwa zaidi kuliko waliopewa jeli isiyo na dawa. Ndiyo maana majaribio haya huwa na kamati huru inayofungua takwimu kabla ya muda na inaweza kuyasimamisha, iwe kwa sababu dawa inadhuru au kwa sababu imeshinda waziwazi. Novemba 2020 lilisimamishwa kwa ushindi jaribio la sindano ya kinga ya cabotegravir lililohusisha wanawake 3,224 katika nchi saba za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo.

“Sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango huleta UKIMWI”

Kwa zaidi ya miaka 25 tafiti zilikuwa zikipingana kuhusu jambo hili, na watetezi wa afya ya wanawake ni miongoni mwa waliodai jibu lisilo na utata. Jibu lilikuja Juni 2019 kupitia utafiti wa ECHO. Wanawake 7,829 wa Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia waligawanywa kwa bahati nasibu: sindano, kitanzi cha shaba, au kijiti. Haikuonekana tofauti kubwa ya maambukizi kati ya njia hizo tatu. Agosti mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani (WHO) likaondoa tahadhari lililokuwa limeiwekea sindano hiyo. (Sindano haikuambukizi, ila pia haikukingi.)

Kilichonishtua mimi katika ECHO si sindano. Ni kwamba wanawake 397 waliambukizwa wakati wa utafiti, wakati wote wakipewa kondomu na ushauri. Hawa walichaguliwa kwa sababu walikuwa wanataka uzazi wa mpango, basi. Watetezi waliichukua namba hiyo wakaipeleka kwa mawaziri wakiuliza kwa nini mwanamke anayekuja kuchomwa sindano ya uzazi haondoki pia na kinga ya VVU, palepale, kwa muuguzi yuleyule. Kliniki nyingi bado zinamwambia aende dirisha jingine, siku nyingine.

“Wanawake wamepewa vidonge wakakataa kumeza, hawaaminiki”

Dhana hii haikai mtaani. Imekaa kwenye ofisi, na inaniudhi kuliko nyingine zote.

Utafiti wa VOICE, wa vidonge na jeli za kuzuia VVU, ulihusisha wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Majibu yalipotoka mwaka 2013, vidonge na jeli vilionekana havikuwakinga. Washiriki walikuwa wameripoti kutumia dawa karibu kila siku, lakini vipimo vya damu vilikuta dawa katika chini ya theluthi moja ya sampuli. Wapo waliofunga mjadala hapo na kuhitimisha kwamba wanawake ni waongo.

Watafiti waliorudi kuwauliza wanawake wenyewe walikuta mambo mengine. Kopo la vidonge vya ARV likionekana chumbani, mume au mama mkwe anaamini una virusi. Mtu mzima asiyeumwa kumeza kila siku dawa ya wagonjwa ni jambo la kutisha. Wengine hawakujua kama walichopewa ni dawa ya kweli au kidonge kisicho na kitu. Na wengi waliogopa kusema ukweli wasije wakatolewa kwenye utafiti uliokuwa ukiwapa huduma nzuri kuliko zahanati ya kwao. Mwanamke wa namna hiyo si mwongo. Anajua nyumba anayoishi.

Majibu hayo yaliipa nguvu hoja ambayo watetezi walikuwa nayo tangu mwanzo: mwanamke anahitaji kinga asiyolazimika kumwonyesha wala kumwombea mtu ruhusa. Ndiyo hoja iliyoibeba pete yenye dawa ya dapivirine, ambayo mwanamke hujiwekea ukeni mwenyewe na kukaa nayo mwezi mzima. Mwaka 2016 majaribio yake mawili yalionyesha kupunguza maambukizi kwa takriban asilimia 30. Wakubwa wengi waliona ni kidogo, na Desemba 2021 ombi la kuisajili Marekani likaondolewa. Wanawake watetezi wa Afrika walikataa pete izikwe kwa sababu hiyo, wakasema asiyeweza kumeza kidonge wala kumshawishi mume avae kondomu, kwake asilimia 30 si kidogo. WHO iliipendekeza Januari 2021, na Zimbabwe ikawa nchi ya kwanza Afrika kuisajili.

“Mjamzito asiguswe na utafiti”

Kauli hii inasikika kama huruma. Matokeo yake ni kwamba dawa inaingia sokoni, wajawazito wanaihitaji kama wengine, na hakuna anayejua kama ni salama kwao.

Mei 2018, utafiti wa Tsepamo wa Botswana ulitoa ishara ya hatari kuhusu dolutegravir, dawa ya kutibu VVU: kati ya watoto 426 ambao mama zao waliitumia tangu kabla ya mimba kutunga, wanne walizaliwa na kasoro za uti wa mgongo au ubongo. Nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, ziliwawekea vikwazo wanawake wote wenye uwezo wa kuzaa. Wanaume wakapewa dawa bora, wanawake wakabaki na ya zamani.

Julai mwaka huo wanawake 39 wanaoishi na VVU, kutoka nchi 18 za Afrika, walikutana Kigali. Walizisoma takwimu na kutoa tamko kwamba faida inaizidi hatari, na kwamba mwanamke apewe maelezo kamili achague mwenyewe. Mwaka mmoja baadaye takwimu zilipoongezeka ile ishara ilikuwa imepungua sana, WHO ikaipendekeza dawa hiyo kwa wanawake pia, na hatimaye takwimu za Botswana hazikuonyesha tofauti kati yake na dawa nyingine.

Katika jaribio la PURPOSE 1 la sindano ya lenacapavir, lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, mambo yalikwenda vingine. Wawakilishi wa jamii walishirikishwa tangu kupanga. Wasichana waliingizwa kuanzia miaka 16, na aliyepata mimba aliweza kubaki akiridhia. Wote walipewa dawa halisi ya kinga, sindano au vidonge. Kati ya wanawake 2,134 waliochomwa sindano hiyo mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa wakati matokeo yalipotangazwa Juni 2024.

“Sindano imepatikana, watetezi wapumzike”

Marekani lenacapavir ilisajiliwa Juni 2025 kwa bei inayozidi dola 28,000 kwa mwaka. Septemba yakatangazwa makubaliano ya dola 40 kwa mwaka kwa nchi 120, zetu zikiwemo, kuanzia 2027. Eswatini na Zambia zilipata shehena za kwanza Novemba 2025. Mwaka huohuo ulianza na Marekani kukata ghafla fedha za misaada, majaribio kadhaa Afrika Kusini yakasimama njiani, baadhi ya wanawake wakiwa bado na pete ya majaribio ndani ya miili yao.

Kwa hiyo maswali ya kupeleka kwa mganga mkuu wa wilaya ni mengi. Dozi zitakuja ngapi, na kwa nani kwanza? Binti wa miaka 17 atapewa bila kuja na mzazi? Na mjamzito akiomba kinga, atachomwa kliniki ya wajawazito, au atatumwa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, apange foleni mbele ya majirani?