Onyo la dhoruba lina saa yake

Siku ya dhoruba, kosa ninaloliogopa kuliko matangazo kukatika ni onyo lililokwisha muda kuendelea kupita kwenye utepe wa chini ya skrini. Mtazamaji akiambiwa ahame huku nje jua limeshatoka, onyo linalofuata hatalijali, na huenda hilo ndilo la kumwokoa.

Kila taarifa ya mamlaka ya hali ya hewa ina nyakati mbili: saa ilipotolewa na muda inaouhusu. Katika haraka, watu huzichanganya. Tena nyingi huja kwa saa za UTC, yaani saa za pamoja za kimataifa, mara nyingine zikionyeshwa kwa herufi Z tu mwishoni. Anayezipokea azigeuze kwanza ziwe saa za mahali mlipo, kisha ziwe saa za Kiswahili: 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Aandike ubaoni saa ya kuuondoa utepe. Mwenzake asome kila neno kwa sauti akiwa na taarifa yenyewe mkononi; hata dakika moja haiishi.

Utepe useme hatari, mahali, mwisho wake na la kufanya: "Mafuriko ya ghafla bondeni hadi saa tatu usiku. Hamia mwinuko sasa." Maneno kama "baadhi ya maeneo" hayamsaidii mtu, taja mtaa, barabara, daraja. Na mtangazaji asiseme "hapa penye rangi nyekundu", kwa sababu kuna wanaosikia sauti bila kuona picha. Arudie onyo zima kila baada ya dakika 10 hivi, maana kila wakati kuna anayefungua televisheni.

Picha ya rada nayo ina umri. Ikiwa ya dakika 10 zilizopita, mvua inayosafiri kilomita 60 kwa saa imeshasogea kilomita 10. Tangaza inakoelekea.

Walioko nje wana masharti yasiyojadiliwa. Radi ikikaribia, mlingoti wa gari la matangazo haupandishwi. Ukiwa juu, unashushwa mapema. Muda kati ya mmweko na ngurumo ukiwa chini ya sekunde 30, umeme uko ndani ya kilomita 10: kila mtu aingie ndani, asitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kulielesha gari dogo, kwa hiyo dereva asijaribu kuyapita ili kuwahi mubashara.

Dishi la setilaiti linalotumia masafa ya bendi ya Ku hupoteza mawimbi mvua inapokuwa kubwa, yaani saa ileile mnayolihitaji. Bendi ya C huhimili zaidi. Kifaa cha kurusha picha kwa laini za simu kiwe na laini za mitandao tofauti, kwani mmoja ukielemewa mwingine huenda ukabeba. Picha ikigoma kabisa, mchukueni ripota kwa simu ya kawaida, muweke ramani iliyotulia skrini nzima, na utepe uendelee.