Jamani, acheni kukimbilia kill -9

Programu ikiganda kidogo tu kwenye Linux mkono ushafika kwa kill -9, ile amri ya kuilazimisha ife, ukimuuliza mtu anakwambia kill si ni kuua, sasa unaua nusunusu ya nini? Hapo ndo tunapokosea. Kill inatuma signali tu, yaani ujumbe mfupi kwa programu. Ukiandika kill na namba ya prosesi (programu inayokimbia) bila kuongeza kitu, inayoenda ni SIGTERM, namba 15, ni kama umempigia mtu hodi ukamwambia funga kazi, na programu iliyoandikwa vizuri inamalizia rikwesti iliyo mkononi, inaandika data kwenye diski, inafuta faili lake la loku (alama kwamba iko kazini) ndo inatoka.

Wengine wanasema 9 ni 15 yenye nguvu. Hapana. SIGKILL, ndo hiyo 9, programu haiioni kabisa, kerneli (kiini cha mfumo) ndo inaiondoa programu, kwa hiyo kodi yako ya kufunga vitu haipati nafasi hata kidogo. Memori na soketi zitarudishwa, sawa, ila faili lililoandikwa nusu linabaki nusu.

Na hii inaniuma zaidi kwenye databesi ya PostgreSQL: kwiri moja (ombi la data) imekwama, mtu anapiga kill -9 prosesi ya hiyo kwiri akidhani kagusa mteja mmoja, kumbe prosesi mama ikiona mtoto kafa vibaya inakata koneksheni za wote na kuanza rikava (kujirekebisha baada ya ajali), databesi nzima chini. Dawa ipo, iandike ndani ya databesi: SELECT pg_cancel_backend(namba ya prosesi) kufuta kwiri, ikigoma pg_terminate_backend kukata koneksheni hiyo moja.

"Mbona natuma 15 na kontena halisikii?" Docker ndo inayoendesha programu ndani ya kontena, boksi lake la peke yake, na docker stop inatuma SIGTERM, inasubiri sekunde 10, halafu inaua. Kwenye Dockerfile ukiandika CMD node server.js hivihivi, prosesi namba 1 (ya kwanza ndani ya kontena) inaweza kuwa sh, yaani shell, na sh haimpelekei mtoto ujumbe. Andika CMD ["node", "server.js"], halafu uidake SIGTERM mwenyewe kwa process.on ndani ya kodi ya Node, maana prosesi namba 1 isipoidaka signali hiyo kerneli inaipuuza tu.

Nginx, seva ya tovuti, nayo usiikariri kama zingine, TERM inaifunga harakaharaka, inayosubiri wateja wamalize ni QUIT.

Eti 9 haishindwi? Angalia orodha ya prosesi kwa amri ya ps aux, ukikuta D kwenye safu ya STAT ujue prosesi imekwama ndani ya kerneli, mara nyingi inasubiri diski, na hapo unaweza kuituma 9 mara mia isitoke mpaka hiyo diski ijibu. Z ndo ishakufa zamani, inasubiri mzazi wake aichukue, kwa hiyo shughulika na mzazi.