Kwa nini utupa huua samaki ilhali maji yana oksijeni?

Majani ya utupa, kichaka cha jamii ya mikunde kiitwacho kitaalamu Tephrosia vogelii, yakitwangwa na kutiwa bwawani, samaki hupanda juu, huachama vinywa, hulegea na kufa. Anayewatazama huona viumbe wanaotafuta hewa, basi huamini kwamba utupa umemaliza oksijeni majini. Imani hiyo imeenea, nayo ina chembe ya ukweli: rundo la majani likioza bwawani, bakteria wanaoliozesha hutumia oksijeni nyingi. Lakini kuoza huchukua siku kadhaa, na utupa huua ndani ya saa chache. Maji yanaweza kuwa na oksijeni ya kutosha huku samaki wanakufa. Ndiyo sababu mfugaji anayekimbilia mashine ya kupuliza hewa hawaokoi. Kilichovurugika ni uwezo wa mwili kuitumia oksijeni iliyokwisha kuingia.

Sumu yenyewe ni rotenoni, jina ililopewa na mwanakemia Mjapani aitwaye Nagai mwaka 1902, alipoitenga kutoka mizizi ya mmea wa Derris. Hufanya kazi ndani ya mitokondria, mahali seli inapozalishia nguvu. Humo, elektroni zitokazo kwenye chakula hupokezanwa na protini zilizojipanga. Fikiria watu waliosimama mstari toka kisimani hadi kwenye nyumba inayoungua, wakipeana ndoo mkono kwa mkono. Oksijeni ni yule wa mwisho, anayeipokea ndoo na kuimwaga. Rotenoni humfunga mikono yule wa kwanza. Hata ukiongeza watu mia upande wa moto, watabaki mikono mitupu, kwa kuwa ndoo haziwafikii.

Binadamu naye ana mitokondria kama hizo, na rotenoni si salama kwake. Tofauti kubwa ni njia. Kwa samaki sumu hupenya matamvua na kuingia damuni moja kwa moja. Kwa mtu aliyeimeza, utumbo huifyonza polepole na ini huivunjavunja. Hata samaki hawalingani: trauti hufa kwa kiasi kidogo sana, kambare huhimili zaidi.

Si mimea yote iuayo hivyo. Saponini, kemikali za mimea zilizomo kwa mfano katika mashudu ya mbegu za chai, hushikamana na kolesteroli ya utando wa seli na kuutoboa, hivyo matamvua huharibika na chembe nyekundu za damu hupasuka.

Mwarobaini ndio unaohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hutumika kama dawa ya vimelea bwawani. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba maji ya majani yake yakizidi hudhuru matamvua na damu ya perege na kambare. Ila kutaja kipimo kimoja salama ni vigumu: nguvu ya dawa hubadilika kwa umri wa jani, msimu, na kama liliroweshwa kwenye maji au kwenye alkoholi.