Je, wajua jinsi jiwe la tumbawe linavyoeleza kina cha bahari ya kale?

Majabali mengi ya pwani yetu yalikuwa miamba hai ya matumbawe. Hata yale ya Aldabra, kisiwa cha Shelisheli, yalijengwa miaka 125,000 hivi iliyopita, bahari ikiwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Lakini tumbawe fulani liliota kwenye kina cha mita 2 au 20? Jibu huanzia kwenye matumbawe yaliyo hai leo.

Panapopigwa na mawimbi huota Acropora, aina ya tumbawe, ya matawi mafupi, manene. Penye maji matulivu, Porites, aina nyingine, hujiviringisha kama jiwe kubwa. Kina kikizidi na mwanga kupungua, matumbawe hujitandaza bapa kama sahani ili yapate mwanga.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni Porites ya maji mafupi sana. Maji ya bamvua yakipwa, kichwa chake hubaki wazi na kufa, nalo huendelea kunenepa ubavuni tu, likawa na umbo la kigoda. Ukikiona kigoda hicho jabalini, umeona maji yalipokuwa yakiishia yakipwa.

Kabla ya kupima lolote, hakikisha tumbawe lilifia lilipoota. Ili ujue ni aina gani, lowesha jiwe, tazama kwa lenzi ya mkononi. Vijishimo vya Porites, walimoishi wanyama wadogo waliolijenga, havifiki milimita 2, kwa hiyo jicho tupu litakudanganya. Tumbawe zima likiwa limeangalia chini, lilipinduliwa na dhoruba; liache. Kisha tandaza utepe wa mita 10, andika kilicho chini yake kila baada ya sentimita 20, ukafanye vivyo hivyo kwenye mwamba hai wa kina unachokijua, upate kulinganisha.

Hesabu hiyo nayo ina mtego. Acropora hukua hata sentimita 10 kwa mwaka na huvunjika ovyo, Porites sentimita 1 hivi. Vipande vya matawi vikijaa jabalini, si lazima matawi ndiyo yalitawala mwamba ulipokuwa hai.

Mtego mbaya zaidi ni tope. Karibu na mdomo wa mto, matumbawe ya sahani huota hata kwenye mita chache, kwa kuwa maji machafu huzuia mwanga kama kina kifanyavyo. Chunguza kilichojaa katikati ya matumbawe: udongo, au mchanga mweupe? Tafuta pia magamba manene ya mwani wa chokaa yaliyochanganyika na mirija ya konokono wanaojigandisha mwambani. Hayo yakiwepo, maji yalikuwa mafupi.

Na pale ambapo maji ya mvua yameyeyusha vijishimo vyote, andika umbo tu. Usilipe jina.