Mgeni njoo, mwenyeji apone... lakini mgeni yupi?

Juzi hapa Ntinda, Kampala, kikao kimeisha tunakula rolex, ile chapati ya mayai, kando ya barabara, mzee mmoja wa bodi akanianzia tena: "Ssebo, mgeni njoo mwenyeji apone. IBM si iliokolewa na muuza biskuti?" Bodi yao ni ya kampuni ya softwea za SACCO, wamechoka na hasara, sasa wanataka kumleta bwana mmoja aliyekuwa bosi wa kiwanda cha sabuni. Mimi hizi kampuni za IT zinazozama ndizo zinanilisha, na hiyo stori ya biskuti nimeisikia mpaka imenikinai.

Jamani. Ndiyo, Lou Gerstner aliingia IBM, ile kampuni kubwa ya kompyuta, kama bosi mkuu tarehe 1 Aprili 1993 akitokea RJR Nabisco, watu wa sigara na biskuti. Ndiyo, mwaka 1992 IBM ilikula hasara ya karibu dola bilioni 5. Lakini Nabisco alikaa miaka 4 tu! Kabla ya hapo kuna uhandisi Dartmouth, MBA Harvard, McKinsey ya washauri wa biashara, halafu miaka 11 American Express, watu wa kadi za malipo, na hapo ndipo penye utamu, ila wasimuliaji wote wanapapita mbio.

Biashara ya kadi ni nini kama si kompyuta? Mteja analipa kwa kadi, mashine inahesabu, na mashine nyingi zilikuwa za IBM, bili ya mashine hizo inamfikia Gerstner. Siku moja meneja wake akamwambia kwamba mtu wa IBM ameondoa sapoti yote kwenye kituo chao cha data, kosa lenyewe eti wamefunga mashine moja ya Amdahl, mshindani wa IBM. Mteja mkubwa namna hiyo ananuniwa kama mume aliyeoa mke wa pili! Sasa mtu aliyekivaa kiatu akajua kinabana wapi, huyo utamwitaje mgeni? Ndiyo maana alipokuta mpango wa kuigawa IBM vipande vipande aliukataa, kwa sababu ukivunja kampuni hivyo anayebaki kuunganisha ni mteja. Mimi hilo nalijua, nimeshakaa saa nane za usiku kwenye SACCO moja Mbale, mtu wa databesi anasema ni netiweki, wa netiweki anasema ni databesi, mimi katikati na simu mbili masikioni na asubuhi wanachama wanakuja kuchukua hela zao.

Kushusha bei za mainframe, yale makompyuta makubwa ya IBM, kupunguza wafanyakazi kwa maelfu, hayo mnayajua.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Ile CMOS, teknolojia ya chipu iliyofanya mainframe iwe nafuu kutengeneza, wahandisi walikuwa wanaipika kabla hajafika, yeye alikubali kuilipia. Mwenyeji mwenye moyo asingeilipia? Siku nyingine naona angelipia, siku nyingine naona angeogopa wenzake. Halafu kuna John Sculley, alitoka Pepsi akaenda kuwa bosi wa Apple 1983, mauzo yakapanda kweli, na 1993 hiyohiyo mmoja anaingia IBM, yeye anaachia kiti Apple. Kwa hiyo hata mimi sina fomula.

Nikamuuliza mzee, huyo bwana wa sabuni, mfumo wa kiwandani ukilala usiku anapigiwa nani? Akatafuna kwanza. "Nadhani kuna kijana wao wa IT."

Nikamwambia basi huyo kijana naye muiteni kwenye intavyu.