Unanunua Kluger kwa mtu? Anza na chasisi, namba itafuata

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha za Toyota Kluger inayouzwa mahali fulani, akitaka jibu la neno moja: nichukue au niache? Picha zenyewe hufanana. Bodi imepigwa polishi, tairi zimepakwa weusi, na kwenye maelezo ya dalali sifa inayotangulia ni herufi ya kwenye sahani. "Namba D hii bosi, mwenyewe hajawahi kulala nayo njiani."

Herufi hiyo ndiyo inayopandisha bei ya Kluger Dar es Salaam kuliko kitu kingine chochote, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kulipiwa kidogo kuliko vyote. Inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Kluger ya 2001 iliyokaa Japani miaka kumi na mitano ikaja kushushwa bandarini kwetu inapewa namba D, wakati ya 2005 iliyoletwa mapema inatembea na namba B na watu wanaiita kuukuu. Siwezi kusema herufi haina maana kabisa. Namba ya karibuni inamaanisha gari limepiga miaka mingi kwenye lami ya Japani na michache kwenye makorongo yetu, na hilo ukilitazama chini ya gari unaliona. Ila thamani yake haifiki zile milioni ambazo watu huongeza. Wasomaji wa Kenya ninyi mko sehemu tofauti kidogo: kwa kuwa gari likizidi miaka minane haliruhusiwi kuingia kwenu, Kluger zenu zote zimeshakula barabara za huko zaidi ya muongo, namba iwe yoyote.

Tukumbushane gari lenyewe. Toyota walianza kuiuza Japani Novemba 2000 kwa jina la Kluger V. Marekani gari hilohilo liliitwa Highlander. Agosti 2003 ikabadilishwa sura, taa na bampa zikawa mpya, na toleo la viti saba likaongezwa. Mwaka 2007 wakaacha kuiuza Japani, na Vanguard ikashika nafasi yake. Jina la Kluger liliendelea Australia kwa magari mengine kabisa, kwa hiyo ukikutana mtandaoni na Kluger ya 2015 inayopendeza, hiyo si hii tunayoizungumzia. Kluger yetu hata iliyotoka kiwandani mwisho imekaribia miaka ishirini. Hakuna changa. Unachonunua ni matunzo ya watu waliokutangulia, ndiyo maana kazi yote ya ukaguzi ni kutafuta ushahidi wa matunzo hayo.

Ushahidi wa kwanza upo kwenye kibati cha chasisi. Kisome kabla hata hujawasha injini. Ukikuta ACU20W, ni injini ya lita 2.4 inayosukuma tairi za mbele tu. ACU25W ni 2.4 ya tairi nne. MCU20W na MCU25W ni hivyohivyo kwa V6, injini ya silinda sita, ya lita 3.0. MHU28W ni ya haibridi, inayotumia mafuta na umeme. Kabla ya herufi hizo kuna kitambulisho kingine ambacho madalali wengi hawakijui: TA- ni gari lililopitishwa kwa kiwango cha moshi cha 2000, na CBA- ni la kiwango cha 2005. Dalali akikuambia gari ni la 2006 na kibati kinasema TA-ACU25W, una swali la kumuuliza.

Chasisi za Kijapani hazibebi mwaka ndani ya namba kama zile ndefu za Ulaya na Marekani, na hapo ndipo uongo wa mwaka unapopata nafasi. Dawa yake ni mkanda wa kiti. Vuta mkanda wa dereva hadi mwisho, angalia kitambaa kidogo kilichoshonwa karibu na chini. Mara nyingi kina tarehe ya kutengenezwa. Mkanda hauwezi kuwa mdogo kuliko gari isipokuwa ulibadilishwa, na mkanda uliobadilishwa nao ni habari: mara nyingi gari liligongwa hadi mifuko ya hewa ikafunguka. Kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti utakuta pia stika ndogo za gereji za Japani, zinazoonyesha kilomita za siku oili ilipobadilishwa. Mwaka huwa wa kwao, wa Heisei, wenye tarakimu mbili. Ongeza 1988 upate wetu: 17 ni 2005, 20 ni 2008. Stika ikisema kilomita 118,000 mwaka 20 na dashibodi leo inasoma 96,000, huhitaji fundi wa kukufafanulia.

Sasa injini, na hapa nitakaa kwa sababu ndipo pesa zinapopotea.

Kluger nyingi mtaani ni za 2.4, injini ya 2AZ-FE. Watu wanaiogopa kwa sababu wamesikia inakula oili. Ni kweli, lakini ugonjwa huo unazihusu zaidi 2AZ za kuanzia karibu 2006, zile za Vanguard na magari ya rika lake, ambazo ringi za pistoni zilikuwa zinaziba. Marekani Toyota walifika mahali pa kubadilisha pistoni na ringi kwa gharama yao kwenye baadhi ya magari. Ugonjwa halisi wa 2AZ ya zamani ni mwingine: nyuzi za matundu ya bolti zinazokaza silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, kwenye bloku, yaani mwili wa injini. Bloku ni ya aluminiamu, na nyuzi za bolti za upande wa nyuma, unaotazama kabini ya dereva, zilikuwa fupi. Gari likichemsha, au hata kwa uchovu wa miaka tu, nyuzi zinang'oka, hedi inaachia upande huo, na maji yanaanza kuvuja taratibu nyuma ya injini mahali ambapo hakuna anayechungulia.

Kwa hiyo chukua tochi. Chungulia nyuma ya injini, pale hedi inapokutana na bloku. Unatafuta ukoko mkavu, mweupe au wa waridi, unaoshuka kwenye bloku. Huo ni kulanti iliyovuja ikakaukia hapo. Injini ikiwa imeoshwa ikameta kuliko gari lenyewe, mimi nazidisha shaka. Ukiukuta ukoko usikubali hadithi ya "gasketi tu, laki mbili inaisha". Ukifungua hedi na kuweka gasketi mpya juu ya nyuzi zilizong'oka, bolti hazikazi na baada ya muda mfupi uko palepale. Kazi sahihi ni kutoboa matundu na kuweka nyuzi za chuma, jambo linalohitaji fundi mwenye vifaa vyake na siku kadhaa za gari kulala gereji.

Wauzaji wajanja wanajua kuficha kuchemsha. Njia ya kwanza ni kung'oa thamostati, vali inayozuia maji ya rejeta hadi injini ipate moto. Njia ya pili ni kuunga feni moja kwa moja ili izunguke muda wote. Zote zinaonekana ukifika injini ikiwa ya baridi, kwa hiyo mwambie muuzaji mapema asiwashe, na ukifika weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kuwa ndefu. Ukiwasha, feni ya rejeta haitakiwi kuanza kuvuma muda huohuo AC ikiwa imezimwa. Mshale wa joto unatakiwa kupanda kwa utaratibu na kutulia karibu na katikati. Ukienda na gari barabara ndefu mshale ukawa unashuka kila unapoongeza mwendo, thamostati haimo. Fungua pia mfuniko wa rejeta kabla ya kuwasha, kamwe si baada: maji ya kahawia yenye kutu yanasema gari limenyweshwa maji ya bomba miaka mingi, na wota pampu ya 2AZ haipendi maisha hayo.

Oili usiulize "linakula?" Kila mtu atasema halili. Uliza, "Huwa unaongeza baada ya muda gani?" na umtazame anavyohesabu. Kisha ingiza kidole kwenye bomba la moshi likiwa limepoa. Masizi makavu hayana neno. Yakiwa meusi yenye mafuta yanayoteleza, endelea na ukaguzi ukijua bei lazima ishuke sana au uondoke.

V6, ile 1MZ-FE, ni injini tamu kuendesha na ngumu kufa ikitunzwa. Matatizo yake mawili ni ya matunzo tu. Inatumia mkanda wa taimingi badala ya cheni, na mkanda huo Toyota wanautaka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Tafuta stika ya kubadilisha mkanda chini ya boneti. Isipokuwepo, hesabu kwamba utaubadilisha wewe, pamoja na wota pampu kwa kuwa inazungushwa na mkanda huohuo. La pili ni plagi. Tatu za mbele zinafikika kwa dakika chache. Tatu za nyuma zimejificha chini ya mfumo wa hewa, na mafundi wengi wakiona kazi ile hubadilisha za mbele wakakabidhi gari. Nimefungua V6 nyingi ambazo za mbele ni mpya zinang'aa na za nyuma zimekuja nazo kutoka Japani. Mfuniko wa oili ufungue utazame kwa chini: ukikuta uchafu mweusi mzito kama grisi, oili ilikuwa inasahauliwa, na injini hii haisamehi hilo. Kuhusu mafuta, mwenye V6 mjini asijidanganye. Foleni ya Morogoro Road haijali Toyota waliandika nini kwenye makaratasi yao.

Haibridi ya 2005 kuendelea nitaipita haraka. Ni teknolojia nzuri, ina injini ya 3.3 na mota ya umeme nyuma, lakini betri yake ya volti 288 sasa ina umri wa mtu aliyemaliza kidato cha sita. Kama huna fundi unayemwamini wa umeme wa volti kubwa, usiiguse hata wakikupa kwa bei ya kutupa.

Gia boksi ya 2.4 ina gia nne, V6 za baada ya 2003 zina tano. Vuta kijiti cha oili ya gia: iwe nyekundu au hata kahawia hafifu, isinuke kuungua. Gari likiwa la baridi, weka rivasi na uhesabu kimoyomoyo. Ikichelewa kisha ikapiga kishindo, ndani kumechoka. Hizi za gia nne zinataka oili ya T-IV, na nyingi zimewekwa oili yoyote iliyokuwepo dukani. Kama unanunua kwa ajili ya safari za Iringa, omba kulipeleka kwenye mlima wowote ulio karibu na kulipandisha taratibu likiwa limebeba watu. Gia boksi itakayoshindwa mlima Kitonga huanza kuonyesha dalili kwenye kilima kidogo tu.

Tairi nne za ACU25W na MCU25W zinafanya kazi muda wote, hakuna kitufe wala gia ya chini, kwa hiyo hii si Prado na isifikiriwe hivyo. Angalia tairi zote nne zilingane saizi na uchakavu. Kwa nyingi ni 225/70R16. Mbili mpya mbele na mbili vipara nyuma zinaulazimisha mfumo wa katikati kusuguana saa zote. Sikiliza mvumo chini ya sakafu kwenye mwendo wa kati, ndiyo bereng ya propela shafti. Kama maisha yako ni Kinyerezi kwenda Posta na kurudi, chukua ACU20W, upungukiwe vitu vya kuharibika.

Miguuni hakuna siri: busha, bol joint, stabilaiza link, shokapu. Vyote vinapatikana na vyote utabadilisha kimoja baada ya kingine, kwa hiyo kelele za matuta zisikutishe, zitumie kupunguza bei. Raki ya steringi inayovuja ndiyo ya kuhesabu.

Kwenye spea kuna jambo ambalo watu hulipima kinyume. Wanahofia injini kwa sababu gari lilishasimamishwa, wakati 2AZ imo kwenye Harrier, Alphard, Estima, Ipsum na Camry, na kwenye maduka ya spea ya Ilala utaikuta nzima au vipande. Kinachosumbua ni bodi. Taa, bampa na shoo za Kluger ni za Kluger peke yake, na za kabla ya 2003 haziingii kwenye za baadaye. Ufa wa taa ya mbele ambao muuzaji anaupuuza unaweza kukugharimu kuliko shokapu mbili. Na kwa kuwa Harrier ya ACU30W chini yake ni ndugu wa tumbo moja, mimi mwenye familia kubwa sioni kwa nini nilipe zaidi kwa nembo ya ndege mbele.

Redio msigombanie. Ni ya Kijapani, FM yake inaishia 90, na betri ikitolewa nyingine zinadai diski ya ramani ambayo mwenye nayo yuko Osaka. Angalia badala yake taa ya cheki injini: ukifungua swichi bila kuwasha lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameiziba.

Ukiridhika na hayo yote ndipo uombe kadi. Linganisha chasisi ya kwenye kadi na iliyogongwa kwenye bati la gari, tarakimu kwa tarakimu, ukitumia kidole. Jina la kwenye kadi liwe la mtu aliyesimama mbele yako na kitambulisho chake, si la "kaka yangu yuko Songea". Kagua faini za trafiki kwa namba ya gari, kisha muende kwa mwanasheria kwa mkataba wa mauziano, na malipo ya mwisho yabaki mkononi mwako hadi kadi ibadilishwe jina TRA, mamlaka ya mapato. Muuzaji akikataa hilo kwa sababu "kuna mteja mwingine anakuja jioni", mwache mteja wa jioni alichukue.