Kulala kwenye hema Matema na mtoto mchanga: hofu ya baridi ibaki Uyole

Likizo ya Juni ikikaribia, wazazi wa Mbeya huanza kutuuliza kliniki kama mtoto mchanga anaweza kulala kwenye hema ufukweni Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Anaweza. Maziwa ya mama hayahitaji jiko wala friji, na mtoto wa miezi 5 hana habari kama amelala chumbani au chini ya turubai. Kinachotutia wasiwasi ni mzigo unaofungashwa: sweta mbili, kofia ya sufu, soksi, shali, blanketi zito na chupa ya dawa ya kikohozi. Huo ni mzigo wa mtu anayekwenda kwenye baridi ya Makete. Na hiyo dawa ya kikohozi, kwa mtoto mchanga, hata Makete haifai.

Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko mita 500 hivi. Ukishaipita Isongole na Tukuyu, barabara inateremka hadi Kyela, na kwa saa chache mtoto anahama kutoka kwenye ukungu na kuingia kwenye joto la mpunga na kakao. Sweta ina kazi yake njiani, lakini mkifika Ipinda iwe imeshavuliwa. Ziwani mtoto avae nguo moja nyepesi ya pamba, na usiku, upepo ukivuma, aongezewe moja. Usipime joto lake kwa kushika mikono na miguu. Viungo hivyo huwa vya baridi hata mtoto akiwa sawa. Gusa shingo kwa nyuma au mgongo. Ukikuta jasho, punguza nguo. Bibi akisema "mtoto atapigwa na upepo", msikilizeni kwa heshima, kisha mfungueni ile shali.

Mchana hema linageuka tanuri. Asilazwe humo jua likiwa kali, hata kwa usingizi mfupi. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni akae kivulini, kwenye mkeka chini ya mwembe, huku mkikumbuka kuwa mchanga na maji hurudisha mwanga hata pale kivulini. Losheni ya kukinga jua haishauriwi kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Kofia pana na nguo ya mikono mirefu vinatosha. Mtoto mwenye ualbino anahitaji ulinzi huo kila dakika akiwa nje. Na akiwa mgongoni kwenye mbeleko, kanga isimfunike uso.

Halafu kuna suala la maji. Mama anaona jua, anamhurumia mtoto, anampa vijiko viwili vya maji. Aliye chini ya miezi 6 hahitaji maji hata Kyela: maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 88. Anachohitaji ni kunyonya mara nyingi zaidi, na mama mwenyewe kunywa vya kutosha. Tazama nepi: ikikaa kavu kwa saa nyingi, utosi ukibonyea au akilia bila machozi, hiyo si hali ya kungoja kesho. Kwa aliyeanza uji, pika kidogo kidogo. Uji uliokaa kwenye chupa zaidi ya saa mbili kwenye joto lile, umwage.

Sasa mbu. Malaria ni chache kwenye baridi yetu kwa sababu joto likishuka chini ya nyuzi 18, vimelea hukua polepole mno ndani ya mbu, na mbu wengi hufa kabla hawajaweza kuambukiza. Kyela hakuna breki hiyo. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Uyole au Mwanjelwa, huku Mbeya kwenye baridi, hana kinga yoyote ya maana dhidi ya ugonjwa huu. Zipu ya hema ifungwe kabla jua halijazama, si baada ya chakula cha jioni, na juu ya godoro la mtoto kiwepo chandarua chenye dawa kilichochomekwa pande zote. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye DEET isitumike kwa mtoto wa chini ya miezi 2. Kwa mkubwa zaidi paka kidogo, usiguse viganja, macho wala mdomo. Alazwe chali, sehemu ngumu, bila mto.

Kosa moja la nyanda za juu huja hadi ziwani: kuingiza jiko la mkaa ndani. Ndani ya hema, au hata mlangoni pake, mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua familia nzima usingizini. Hakuna kiwango cha "kidogo tu".

Kuhusu kuoga ziwani, msimamo wangu ni mkali: mtoto mchanga asiingizwe. Vimelea vya kichocho hupenya kwenye ngozi, na mchanga safi na maji angavu si uthibitisho kwamba havipo. Mwogeshe kwenye beseni, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, au maji yaliyokaa kwenye ndoo safi angalau siku mbili. Mitumbwi ya kwenda kuona vyungu Ikombe, kijiji cha wafinyanzi, iwasubiri watakapokuja bila mtoto. Hema lipigwe mbali na midomo ya mito, na kuhusu mamba waulizeni wavuvi kwanza.

Bebeni kadi ya kliniki, kipimajoto na pakiti za ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini). Aliye chini ya miezi 3 akifikia nyuzi 38, au mtoto yeyote akigoma kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, kunjeni hema usiku huohuo mwende hospitali iliyo karibu.

Homa ya malaria kwa kawaida hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya kung'atwa, wakati mmesharudi nyumbani na picha mmeshazisambaza. Mtoto akichemka wakati huo, watu husema ni meno. Mpelekeni akapimwe siku hiyohiyo, na kabla muuguzi hajauliza chochote, mwambieni mlilala Matema.